Mti wa Mkunde Kwenye Sinia

Mkunde aliishi mlimani, huko Lushoto. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na dirisha la jikoni lilitazama jua la asubuhi.

Kila asubuhi ukungu ulikuja mpaka mlangoni. Mkunde aliupuliza. Fuuu! Ukungu haukuondoka. Akaupuliza tena. Fuuu!

Mkunde aliishi na Mama, na aliishi na Babu, baba yake Mama. Babu alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

Mikono ya Babu ilitetemeka. Aliposhika kikombe, kikombe kiligonga kisahani. Ti-ti-ti-ti.

"Babu, kwa nini mikono yako inatetemeka?" Mkunde aliuliza.

"Imezeeka kabla yangu," alisema Babu. "Miguu bado. Masikio bado. Mikono ilikuwa na haraka."

Nje, karibu na banda la kuku, kulikuwa na kichaka cha rozimari. Majani yake yalikuwa membamba kama sindano. Ukiyagusa, vidole vilinukia siku nzima.

Mama alipenda kuyachuma. Aliyatia kwenye viazi. Shiiii! Viazi vikakaangika, na nyumba nzima ikanukia.

Siku moja Mama alisema, "Kuku wameongezeka. Banda halitoshi. Kichaka hiki tutaking'oa."

Babu aliinama. Alitazama chini ya majani. Aliona shina nene, lililopinda, lenye magamba.

"Hiki si kichaka," alisema Babu. "Huu ni mti."

"Ni kiungo tu, Baba," alisema Mama.

"Ni mti," alisema Babu. "Ulikuwepo hapa kabla Mkunde hajazaliwa."

Mkunde naye akainama. Alitazama shina. Mti mkubwa kuliko yeye! Lakini yeye alikuwa mrefu, na mti ulikuwa mfupi. Ajabu!

"Haya," alisema Mama, akacheka. "Uhamishe unapotaka."

Babu alitafuta chombo. Ndoo? Kubwa mno. Kikombe? Kidogo mno. Akapata sinia la bati, kuukuu, lenye maua mekundu pembeni.

Mama alichukua nyundo na msumari. Akatoboa matundu chini ya sinia. Ko! Ko! Ko!

"Ya nini matundu?" aliuliza Mkunde.

"Ya maji kupita," alisema Babu. "Rozimari haipendi kulala miguu imelowa. Wewe unapenda?"

"Sipendi!" alisema Mkunde.

Babu alichimba. Chaku, chaku, chaku. Mti ukatoka na mizizi yake, mirefu, mingi, kama nywele za asubuhi.

"Haitaenea kwenye sinia," alisema Mkunde.

"Tutaikata kidogo. Na matawi tutayakata kidogo. Kisha tutauacha upumzike."

Babu alishika mkasi. Mkasi ukatetemeka. Babu akautazama, akaupitisha kwa Mkunde.

"Mimi nitaonyesha," alisema Babu. "Wewe utakata."

Babu alinyoosha kidole. Mkunde akakata. Kwachu!

"Tena?" aliuliza Mkunde.

"Kata kidogo, ngoja kidogo," alisema Babu.

Kwachu! Wakangoja. Kwachu! Wakangoja.

Kisha Babu alileta waya laini. Mkunde aliuzungusha kwenye tawi, ili tawi liiname vizuri upande wa jua.

"Taratibu," alisema Babu. "Likisema krr, acha."

Tawi halikusema krr. Lilinyamaza, likainama.

Wakauweka mti dirishani, jikoni. Mkunde aligusa udongo kila siku. Ukiwa na unyevu, aliuacha. Ukiwa mkavu, alinyunyiza maji. Tone, tone, tone.

Mvua za masika zikaja. Mvua zikaondoka. Majani mapya yakachomoza. Mkunde akayakata ncha. Kwachu!

"Kata kidogo," alisema Babu.

"Ngoja kidogo," alisema Mkunde.

Mti haukurefuka. Ulikuwa mrefu kama birika la chai. Lakini shina lilikuwa nene, na matawi yalitanda kama ya mti mkubwa kule msituni.

Mkunde aliweka kidevu dirishani. Alifumba jicho moja. Sisimizi alipita chini ya mti, polepole.

"Babu! Tazama! Ng'ombe anapita chini ya mti!"

Babu naye aliweka kidevu dirishani. Naye alifumba jicho moja.

"Kweli kabisa," alisema Babu. "Na amenenepa."

Wakacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini.

"Kuna watu mbali sana ambao miti yao huwa hivi," Babu alimwambia Mkunde. "Mti mzima kwenye chombo kidogo. Huuita bonsai."

"Bon-sai," alisema Mkunde. "Sisi tuuiteje?"

"Tuuite wetu," alisema Babu.

Mkunde alikuwa darasa la kwanza. Mwalimu wake aliitwa Mwalimu Fausta. Alivaa viatu vyekundu na aliimba akifuta ubao.

Siku moja Mwalimu Fausta alisema, "Alhamisi, kila mtoto alete mmea anaoutunza nyumbani. Tutautazama pamoja. Na wa nyumbani kwenu wanakaribishwa."

Mkunde aliruka kwenye dawati. "Mimi nina mti! Mti wangu ni mkubwa kuliko mimi!"

"Kuliko wewe?" aliuliza Elibariki, aliyekaa dawati la mbele.

"Kuliko mimi!"

"Utaubebaje?" aliuliza Zaituni.

"Nitaubeba tu," alisema Mkunde. "Mtaona!"

Watoto wote wakasema, "Ooo!"

Alhamisi ikafika. Mkunde aliamka kabla ya jogoo. Alifuta sinia kwa kitambaa mpaka maua mekundu yakang'aa.

Babu alivaa koti lake la heshima. Alichukua fimbo yake.

"Tangulia," alisema Babu. "Wewe una miguu ya mbuzi. Mimi nakuja nyuma."

Mkunde alibeba sinia kwa mikono miwili. Alitembea taratibu. Mti ulitikisika kidogo, ukanukia njia nzima.

Darasani, Elibariki alikuwa amefika. Aliuleta mparachichi wake kwenye kiriba cheusi. Ulimfika mabegani!

Zaituni alileta mfenesi. Ulimfika kifuani. Mtoto mwingine alileta mgomba, na baba yake ndiye aliyeubeba. Majani ya mgomba yaligusa dari.

Mkunde alisimama mlangoni na sinia lake.

Elibariki alitazama nyuma ya Mkunde. Alitazama kushoto. Alitazama kulia.

"Uko wapi mti mkubwa kuliko wewe?"

"Huu hapa," alisema Mkunde.

"Huu?" Elibariki alichungulia kwenye sinia. "Huu wa kutia kwenye viazi?"

"Upo kwenye sinia!" alisema Zaituni. "Tunawe mikono tule?"

Mtoto mmoja akacheka. Wawili wakacheka. Kisha darasa zima likacheka. Wakaanza kupiga makofi na kuimba:

"Mkunde kaleta mboga! Mkunde kaleta mboga!"

Mashavu ya Mkunde yakawa moto, moto. Macho yake yakatazama viatu.

Alitaka kusema, "Ni mkubwa kwa umri." Lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko sauti yake.

Alienda pembeni. Aliliweka sinia chini, nyuma ya ndoo ya maji. Akalisukuma kwa mguu. Kwaruu.

Akaketi mbali nalo. Mbali kabisa.

Mwalimu Fausta aliingia. Viatu vyekundu vikasema ko-ko, ko-ko. Watoto wakanyamaza.

Mwalimu alikwenda kuchota maji. Akasimama. Akainama.

"Ee! Na huu je?" alisema. "Mti mdogo hivi, na shina la kizee! Ni wa nani?"

Watoto wakamtazama Mkunde.

"Wa kwako, Mkunde?" aliuliza Mwalimu.

Mashavu yakawa moto, moto. Macho yakatazama viatu.

"Hapana," alisema Mkunde. "Si wangu."

Mlangoni, kitu kikagonga sakafu. Ti-ti-ti-ti.

Ilikuwa fimbo. Fimbo ya Babu, mkononi mwa Babu. Babu alikuwa amesimama mlangoni, na koti lake la heshima.

Babu alikuwa amesikia.

Alimsalimia Mwalimu. Alivua kofia. Akaketi kwenye benchi la wageni, akaishika kofia magotini.

Mwalimu aliwaita watoto, mmoja mmoja. Elibariki alionyesha mparachichi. Zaituni alionyesha mfenesi. Wote wakapigiwa makofi. Pa-pa-pa!

"Mkunde, na wewe?" aliuliza Mwalimu.

"Sina, Mwalimu."

Babu alitazama kofia yake. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Kama vile anatafuta kitu ndani yake.

Mashavu ya Mkunde yakawa moto kuliko mwanzo. Macho yakatazama viatu, na viatu vikawa na ukungu. Yalikuwa machozi, lakini Mkunde hakuyafuta, asije mtu akayaona.

Masomo yakaisha. Watoto wakapanga mimea yao nje, kando ya uzio. Mwalimu Fausta akaliweka sinia juu ya ukuta mfupi wa baraza.

"Labda mwenyewe atakuja," alisema.

Mkunde akapita karibu na ukuta. Harufu ya rozimari ikamfuata. Akatembea upesi.

Babu na Mkunde wakarudi nyumbani. Mikono ya Mkunde ilikuwa mitupu. Haikujua pa kukaa. Iliingia mfukoni. Ikatoka. Ikaingia tena.

Mkunde alingoja Babu amgombeze.

"Kabichi za mwaka huu ni nzuri," alisema Babu.

Mkunde akangoja tena.

"Nadhani mvua itanyesha," alisema Babu.

Mkunde alitamani agombezwe. Angegombezwa, angelia, yakaisha. Lakini Babu alisema habari za kabichi tu.

Nyumbani, Mama alikuwa anamenya viazi. Alitazama dirishani. Palikuwa patupu.

"Mti uko wapi?"

Mkunde akamtazama Babu.

"Umebaki shule," alisema Babu.

"Aha," alisema Mama. "Waliupenda?"

Babu aliweka fimbo pembeni. Mkunde alikwenda kunawa mikono. Shiiii, vikasema viazi.

Jioni wakaketi kula. Viazi vilinukia. Mkunde alitia kipande mdomoni. Hakikumezeka.

Halafu ikaanza. Ta. Ta. Ta-ta. Tatatatatata! Mvua ikapiga bati.

Mkunde aliwaza mti juu ya ukuta. Aliwaza upepo. Aliwaza miguu iliyolowa.

Akateleza kutoka kitini. Akaingia chini ya meza, akakumbatia magoti.

Mama aliinua nyusi. Babu alimwonyesha Mama kwa mkono: niachie mimi. Mama akaenda kuingiza kuku bandani.

Babu aliinama polepole. Magoti yake yakalia. Kra. Kra. Akaketi sakafuni, kando ya meza.

"Kuna mtu hapa chini?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Mkunde.

"Ah. Nilikuwa namtafuta Mkunde."

"Hayupo. Ana aibu."

"Aibu kubwa au ndogo?"

"Kubwa," alisema Mkunde. "Haienei chini ya meza."

Mvua ikapiga bati. Tatatatata.

"Babu," alisema Mkunde. "Nilisema si wangu."

"Nilisikia."

"Ni wangu."

"Najua."

"Uliumia?"

Babu alifikiri. Babu hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

"Ndiyo," alisema. "Niliumia. Hapa." Akagusa koti lake la heshima, kifuani.

Mkunde akalia. Alilia kwa sauti, na mvua ikalia naye.

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilitafuta maneno njia nzima," alisema Babu. "Nikapata ya kabichi tu."

Mkunde alitaka kuendelea kulia. Lakini kicheko kidogo kikatoka puani. Akafuta pua kwa sketi.

"Walicheka," alisema. "Waliimba Mkunde kaleta mboga. Nikaona aibu juu ya mti. Sasa naona aibu kwa sababu niliona aibu."

"Hiyo ya pili inauma zaidi," alisema Babu.

"Umejuaje?"

Babu alitazama mikono yake.

"Unakumbuka harusi ya kwa jirani?" alisema. "Waliniletea chai. Nikasema asante, sina kiu."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa na kiu sana. Lakini watu walikuwa wengi. Kikombe kingegonga, chai ingemwagika, wangeniangalia."

Mkunde alitoa kichwa chini ya meza. "Babu! Hata wewe unaona aibu?"

"Naona."

"Mashavu yanakuwa moto?"

"Moto, moto."

"Macho yanatazama viatu?"

"Siku ile nilivijua viatu vyangu vizuri kabisa," alisema Babu. "Kushoto kamba imekatika."

Mkunde akasogea. Akaweka kichwa kwenye mkono wa Babu. Mkono ulitetemeka, na kichwa kikatetemeka nao.

"Twende tukauchukue sasa hivi," alisema Mkunde.

"Mvua ni kubwa, na lango la shule limefungwa," alisema Babu. "Tutakwenda asubuhi."

"Na Elibariki akiwepo?"

"Atakuwepo."

"Na Zaituni?"

"Naye."

Mkunde akavuta pumzi ndefu. "Utakuja na mimi?"

"Nitakuja," alisema Babu. "Lakini mdomo utakuwa wako."

Asubuhi mvua ilikuwa imekwisha. Njia ilikuwa na matope. Pwacha, pwacha, pwacha. Mkunde hakusubiri miguu yake ikauke. Hakuupuliza ukungu. Alikimbia, akarudi kumshika Babu mkono, akakimbia tena.

Wakafika. Mkunde akatazama ukutani.

Sinia halikuwepo juu ya ukuta. Lilikuwa chini, limepinduka. Upepo ulikuwa umelisukuma.

Udongo ulikuwa umemwagika. Mizizi ilikuwa nje, kwenye baridi. Na lile tawi lililoinamia jua, lile alilozungusha waya, lilikuwa limevunjika.

"Oo," alisema Mkunde. "Oo, mti wangu."

Watoto wakaja. Elibariki akaja mbele.

"Tazameni!" alisema. "Mboga imekufa!"

Mashavu ya Mkunde yakawa moto, moto. Macho yakataka kutazama viatu.

Mkunde akapiga magoti kwenye matope. Akauinua mti kwa mikono miwili. Akaukumbatia. Sare yote ikachafuka.

"Si mboga," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akaisukuma. "Ni mti. Ni wangu!"

Hakuna aliyecheka.

"Jana nilisema si wangu. Nilidanganya. Niliona aibu kwa sababu mlicheka."

Elibariki akakuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine.

"Na huyu ni babu yangu," alisema Mkunde. "Anaitwa Babu Shekivuli. Yeye anaonyesha, mimi nakata. Tuliutunza wawili."

Babu aligusa kofia yake. "Hamjambo, watoto."

"Hatujambo! Shikamoo, Babu!" wakajibu wote.

"Marahaba."

"Lakini," alisema Elibariki, polepole, "ulisema ni mkubwa kuliko wewe."

"Ni mkubwa," alisema Mkunde. "Mimi sijazaliwa, wenyewe ulikuwepo. Mama alishatia majani yake kwenye viazi."

Elibariki akachuchumaa. Alitazama shina. Aliligusa kwa kidole.

"Lina magamba," alisema. "Kama mti wa kweli."

"Ni wa kweli."

"Basi ni kaka yangu pia," alisema Elibariki. "Mimi na wewe tuna umri mmoja."

Hakusema samahani. Lakini alianza kukusanya udongo kwa viganja vyake. Kwa, kwa, kwa. Aliurudisha wote kwenye sinia, hata ule uliokuwa na mchwa.

Zaituni alikwenda mbio, akaleta maji kwenye kopo. "Niyamwage yote?"

"Hapana!" walisema Mkunde na Babu kwa pamoja. "Kidogo!"

Ko-ko, ko-ko. Viatu vyekundu vikafika. Mwalimu Fausta akaona matope, na sinia, na Mkunde katikati.

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mkunde akasimama.

"Mwalimu, samahani. Ule mti ni wangu. Nilisema uongo. Nilisema mara mbili."

Mwalimu Fausta alimtazama. Aliutazama mti. Alimtazama Babu.

"Asante kwa kuniambia, Mkunde," alisema. "Sikufurahi kusikia uongo. Nimefurahi kusikia haya." Kisha akainama. "Sasa ifunikeni mizizi upesi, kabla jua halijatoka."

Mashavu ya Mkunde yalikuwa bado moto. Aibu haikuondoka mara moja. Lakini macho yake hayakutazama viatu. Yalitazama mizizi, maana kulikuwa na kazi.

Akaifunika. Akabonyeza udongo kwa vidole. Bonye, bonye.

Babu akaokota lile tawi lililovunjika. Akampa Mkunde.

"Tulitupe?" aliuliza Mkunde.

"Subiri kwanza," alisema Babu. "Vua majani ya chini. Hivyo. Sasa lichomeke kwenye udongo."

"Halina mizizi."

"Halina. Huenda likaitafuta."

Mkunde alilichomeka tawi kwenye kopo la Zaituni. Lilisimama kama kijiti. Halikuonekana kama kitu cha kujivunia.

Mchana wakabeba vyote nyumbani. Babu alibeba fimbo. Mkunde alibeba sinia. Elibariki alibeba kopo mpaka njia panda.

"Likiota, utanipa?" aliuliza Elibariki.

"Nitafikiri," alisema Mkunde.

Alifikiri kwa hatua chache.

"Ukiliita mboga, sikupi."

"Siliiti," alisema Elibariki.

Mti ukarudi dirishani. Ulikuwa umechoka. Majani yalikuwa yamefifia. Upande mmoja ulikuwa wazi, kama mdomo wenye pengo.

Mama aliangalia. Mkunde akamweleza Mama yote, tangu wimbo hadi ukuta. Mama akamfuta matope shingoni.

"Siku ile niliuita kiungo," alisema Mama. "Basi mimi ndiye wa kwanza kuucheka." Akaligeuza sinia kidogo, ili lile pengo lipate jua.

Mkunde alitaka mti upone siku hiyo hiyo. Akatazama asubuhi. Hapana. Akatazama mchana. Hapana. Akachukua mkasi.

"Kata kidogo?" aliuliza.

"Sasa hivi tungoje tu," alisema Babu. "Kungoja kidogo, kungoja sana."

Wakangoja. Ukungu ukaja, ukaondoka. Kuku wakataga. Kokoko! Wakangoja.

Asubuhi moja Mkunde aligusa udongo. Kisha akaona. Kwenye pengo, pale tawi lilipovunjika, kulikuwa na kitu cha kijani. Kidogo kama ncha ya penseli.

"Babu! Mama! Jino linaota!"

Wote wakaja. Wote wakaweka videvu dirishani. Wakafumba jicho moja moja.

"Ni kweli," alisema Mama. "Jino."

Na kopo je? Mkunde alivuta kijiti taratibu, kidogo tu. Kijiti kikakataa kutoka. Kilikuwa kimeshika udongo.

Jumapili wageni wakaja. Alikuja shangazi yake Mama, na wanawe, na majirani. Sebule ikajaa. Mama akapika chai kubwa.

"Kaka, chai?" aliuliza shangazi mtu.

Babu alitazama watu. Alitazama vikombe. Mashavu yake yakabadilika kidogo.

"Asante, sina k..."

Kabla hajamaliza, Mkunde alikuwa mbele yake na kikombe. Kilikuwa nusu tu. Nusu haimwagiki upesi.

"Mimi nashika huku, Babu. Wewe shika huku."

Ti-ti-ti-ti, kikombe kikagonga. Watu wawili watatu wakageuka.

Babu akawatazama. Mkunde akawatazama. Hawakutazama viatu.

"Mikono yangu ina haraka," Babu aliwaambia wageni. "Mjukuu wangu anaisubirisha."

Wageni wakatabasamu, wakaendelea na mazungumzo yao. Babu akanywa. Akanywa mpaka mwisho. Akasema, "Aah!" Akaomba nusu nyingine.

Usiku ukaingia. Wageni wakaenda. Mama akafunga dirisha la jikoni. Kuku wakalala, mti ukalala, na kijiti kwenye kopo kikalala kando yake.

Mkunde alijifunika blanketi hadi kidevuni. Babu aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Babu."

"Naam."

"Leo sikuwa na aibu hata kidogo. Ilikwenda wapi?"

Babu alilinyoosha blanketi.

"Sijui," alisema. "Labda ilichoka."

"Itarudi?"

"Siku nyingine. Hurudi."

Mkunde akapiga miayo. Aaauu.

"Ikirudi," alisema, "nitakuita."

"Na mimi nitakuita," alisema Babu.

Lakini Mkunde hakusikia. Alikuwa ameshalala.